Mtoto wa Tatu wa Mama Ngiri

Nitoe, nisitoe?

Toa!

Na ikiwa chungu?

Tutaitafuna hivyo hivyo!

Hapo zamani za kale, zamani sana, nyika moja iliingiwa na kiangazi. Mto ukakauka. Wanyama wakakubaliana kuchimba kisima kirefu, chenye ngazi za kushukia hadi majini.

Desturi yao ilikuwa hii: ngazi hukatwa kwa kipimo cha miguu. Kila mzazi huja na watoto wake wote, na Muhanga, fundi wa kuchimba, humpima kila mmoja kwa kijiti.

Mama Ngiri alikuwa na watoto watatu. Wawili walikuwa wazima wa miguu. Wa tatu, Kidawa, miguu yake ya nyuma ilipooza tangu kuzaliwa, akawa anajikokota kwa ile ya mbele. Mama yake alimpenda, lakini alimwonea haya. Wageni wakija, alimrudisha ndani ya shimo lao.

Siku ya kupima, Mama Ngiri akaenda na wawili. Muhanga akamwuliza kama nyumbani amebaki mtu. Akasema hajabaki.

Siku ya kuchimba, Muhanga akamwuliza tena. Akasema hajabaki.

Siku ya kumaliza, Muhanga akasema, "Dada Ngiri, udongo bado laini. Ukikauka, kuukata ni kazi. Amebaki mtu?"

Mama Ngiri akatazama chini. "Hajabaki."

Kisima kikaisha. Wakaweka sheria kwamba kila mmoja anywe pale pale, maji yasibebwe, kwa sababu mwaka uliopita Fisi alibeba mpaka wenzake wakakosa. Nyegere akawa mlinzi.

Kidawa akashikwa na kiu. Mama yake akajaza maji mdomoni, akafumba, akapanda ngazi. Nyegere akamsalimu, yeye akapita kimya. Siku ya pili vilevile. Lakini maji mengi yaliponyoka njiani, na ulimi wa Kidawa ukazidi kukauka.

Siku ya tatu Nyegere akasimama njiani. "Habari za asubuhi, dada?"

Kimya.

"Watoto hawajambo?"

Kimya.

"Siku tatu hunijibu salamu. Tumekosana?"

Mama Ngiri akajaribu kuguna. Maji yakamwagika miguuni pa Nyegere.

Wanyama wakajaa. Fisi akasema, "Kumbe mashavu yale ni mtungi," wakacheka sana. Kisha wakaamua kwamba Mama Ngiri na nyumba yake wasikanyage tena kisimani.

Hapo akasema, "Nina mtoto wa tatu. Hawezi ngazi."



"Nilikuuliza mara tatu," Muhanga akasema.

"Uliniuliza. Niliona haya."

Wakaenda wote mpaka shimoni. Kidawa alikuwa amelala, midomo imepasuka. Walipomwona, kila mmoja akatafuta pa kuweka macho. Walikuwa majirani, na hakuna aliyewahi kubisha hodi.

Wakafuta hukumu yao, wakaruhusu maji yabebwe siku ile tu. Bwana Nyati akamletea, akaahidi kumbeba mgongoni kila siku.

"Ahsante, baba," Kidawa akasema. "Na siku ukiwa mbali malishoni, nitakunywa nini? Nipimeni kama wenzangu."

Muhanga akapiga magoti, akampima.

Udongo ulikuwa umekauka kama jiwe. Wakachimba siku tatu, njia ya mteremko inayozunguka kisima polepole. Kidawa alitangulia kuijaribu. Akisema hapa pakali, wanapunguza. Siku ya tatu akajikokota hadi chini, akanywa kwa mdomo wake. Nyuma yake akaja Swala mwenye mimba, kisha Bibi Kobe, ambaye siku zote alishuka ngazi kwa kubiringika na kusema hakuumia.

Kidawa aliporudi juu, Twiga, aliyekuwa safarini, akauliza, "Huyu binti ni wa nani?"

Kidawa akamtazama mama yake, akangoja.

"Ni wangu," Mama Ngiri akasema. Akapaza sauti, akarudia. "Ni wangu."

Funzo lake ni hili, wenzangu. Tusiwafiche watoto wetu kwa haya, maana asiyehesabiwa hachimbiwi njia. Nanyi mnaochimba, msingoje mama aseme. Nendeni mkabishe hodi.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka anirudishie.

Tumeibeba!