Mtoto Mwenye Mvi

Hebu niambieni, ninyi mliokaa hapo: mtu anaacha kuitwa mtoto akiwa na miaka mingapi? Kumi na minane? Akioa? Akishamzika baba yake? Msijibu haraka. Nina mfano wa mtu aliyeitwa Mtoto mpaka ndevu zikaingia mvi, na hakuitwa hivyo kwa utani. Kilikuwa cheo chake, official kabisa.

Twende Ureno ya zamani, kabla meli zao hazijafika pwani yetu na kutuachia maneno kama bendera na meza. Neno meza walituachia. Nafasi ya kukaa mezani, that one, tunaitafuta mpaka leo.

Huko, mwana wa mfalme asiyetarajiwa kurithi kiti aliitwa infante. Nilipolikuta neno hilo chuoni nilidhani ni kitu kikubwa, kama jemadari hivi. Nikafukua. Kumbe mzizi wake ni Kilatini, na maana yake ni asiyesema. Kichanga! Mtu unampa farasi na upanga, halafu cheo chake kinatangaza kwamba hana mdomo. Nani alikaa akafikiria hivyo?

Basi tumbuni mmoja wao. Hana jina, tumwite walivyomwita. Kaka yake ndiye mfalme. Huyu Mtoto amesoma: Kilatini anacho, hesabu za kujenga kuta anazo. Akiwa na miaka ishirini na sita akaenda kwa kaka yake.

"Kaka, ile ngome ya mdomo wa mto, lango limeng'oka bawaba. Mbuzi wanaingia na kutoka. Nipe niilinde."

Mshauri mmoja akadakia: "Mtoto ana uzoefu wa kulinda ngome?"

"Nitaupata wapi, mheshimiwa, kama ngome hamnipi?"

Wakacheka. Mfalme akamshika bega, kwa upendo mtupu. "Mdogo wangu, wewe ni hazina ya kesho. Subiri."

Mnaicheka hiyo "experience" eh? Mmeisikia wapi?

Akasubiri. Miaka ishirini, jamani! Barazani alikaa nyuma ya pazia. Akikohoa tu wanageuka: Mtoto, vipi?

Siku moja mfalme akavuka bahari na jeshi kuteka miji ya watu, na Mtoto akachukuliwa abebe bendera. Bandari wakaiteka. Tamaa ikawasukuma mbele mpaka bonde lisilo na maji, na humo wakazingirwa. Siku ya tatu wakawa wanalamba umande kwenye ngao.

Jemadari wa upande wa pili akaja na mkalimani wake. "Nitawaacha muondoke," akasema. "Sharti ni bandari yangu irudi. Mpaka irudi, mniachie dhamana: mtu mzima mmoja wa damu ya mfalme. Isiporudi, hatarudi."

Mfalme akanong'ona na washauri wake. Mtoto alikuwa karibu, akasikia vizuri: "Bandari hatutoi ng'o. Mwachieni Mtoto."

Mnaona alipo? Jemadari akisema ndiyo tu, amekwisha.

Wakamsukuma mbele. Jemadari akamtazama juu mpaka chini. "Cheo chako ni nini?"

"Infante."

Mkalimani akatafsiri. Jemadari akaangua kicheko mpaka farasi wake akashtuka. "Nimeomba mtu mzima, mnaniletea kichanga? Kesho mtaniambia ahadi ya mtoto haihesabiki!"

"Ni mtu mzima huyu!" mfalme akapaza sauti. "Mwangalie mvi hizo! Jasiri, msomi, nguzo ya ufalme!"

Ajabu, sivyo? Miaka ishirini hakuwa na sifa hata moja. Leo kaburi limefunguliwa, CV imejaa.

"Yaandike hayo," jemadari akasema.

Mfalme akaandika kwa mkono wake na kupiga muhuri: Huyu ni mtu mzima. Neno lake ni neno langu.

Mtoto akaiomba karatasi. Akaisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, kama mtu anayesoma jina lake ubaoni. Kisha yule asiyesema akasema:

"Bandari irudishwe leo. Twendeni nyumbani sote."

"Mtoto, nyamaza!" mfalme akafoka.

Jemadari akainua kidole. "Subiri kidogo. Kama ni mtoto, karatasi hii ni uongo, na mtu mzima wa damu ya mfalme ninayemwona hapa ni wewe. Shuka kwenye farasi, ubaki. Kama si mtoto, amekwisha kusema. Ni kipi?"

Mfalme akafungua kinywa. Halikutoka neno. Siku ile infante alikuwa yeye.

Ndugu zangu, tusimcheke mfalme peke yake. Sisi tulioalikwa hapa kwa Jumapili ya Vijana, wengine wetu tuna miaka thelathini na tisa, na tukiitwa "watoto wetu" tunaitikia, tena kwa tabasamu! Tumezoea kukohoa nyuma ya pazia. Na sisi kanisa zima, tunamjua kijana ni mtu mzima siku gani? Siku ya kubeba viti. Siku ya kuchimba msingi. Siku ya kupanga foleni ya kura. Siku ya kuamua, ghafla anarudi kuwa hazina ya kesho. Please! Kesho ipi, na mvi hizi?

Sasa ninyi wazee wa Baraza, hapo benchi la kwanza, nawasalimu kwa heshima, shikamooni. Viti viwili vya Baraza viko wazi tangu Pasaka. Mnasema hakuna wenye uzoefu. Sitaki maombi kwa ajili yetu. Tumeombewa vya kutosha. Kabla ya wimbo wa mwisho, mmoja wenu asimame mbele ya watu hawa atamke sisi ni nani. Kama ni watoto, Jumamosi msituite kwenye msingi, mshike majembe wenyewe. Kama ni watu wazima, tuandikeni kwenye viti hivyo leo, kwa mkono wenu, kwa muhuri wenu, na Jumatano tukija kwenye kikao cha Baraza tuanze kusema.

Ni kipi?