Pipa Katika Jaruba la Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani hii hii ya mifereji ya saruji, palikuwa na bonde la mpunga liitwalo Isangala. Mfereji ulikuwa mmoja. Walioko juu walishiba maji kabla walioko chini hawajalowa miguu, na huko chini kabisa alilima Nyamizi, mjane asiyekubali kuonewa.

Watu wa juu walisema, "Wale wa chini wanaomba maji kama bata." Nyamizi akasimama mkutanoni.

"Huku kwetu ni uwazi mtupu," akasema. "Jua na upepo vinanyonya maji kwenye majani ya mpunga, yanakwenda zake hewani. Pimeni! Kipimo kikisema nina uroho, nafunga mdomo."

Akaletwa mtaalamu, Bwana Fungameza. Akazika pipa katikati ya jaruba la Nyamizi, akatia udongo na maji, akapanda mpunga humo humo. Pipa lilikuwa na kitako kizima, kwa hiyo maji yakipungua hayana pa kwenda ila hewani. Akachomeka kijiti chenye alama. Akawaambia wanaume waliosimama penye lango la mfereji, "Pipa lisiguswe." Wakakubaliana: kijiti kikionyesha kiu kubwa, yaani maji ya pipa yameshuka sana, lango la maji la Nyamizi lipandishwe, kikionyesha kiu ndogo, lishushwe. Mshika lango alikuwa Masunga, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyamizi aliishi na mama mkwe wake, Bibi Kabula, mama mzazi wa Masunga. Na wanawake wa Isangala walikuwa na desturi yao: mpunga ukishabeba mimba, mwenye ndoo kichwani haupiti ukiwa na kiu. Huumwagia kidogo, kama anavyompa maji mjamzito mwenzake. Jioni bibi alipita, akaona maji ya pipa yameshuka. "Masikini, wamekufungia humu," akasema, akaongeza.

Asubuhi Bwana Fungameza akaja na pikipiki, akainama. Kijiti kikasema kiu ndogo. Masunga akashusha lango.

Jioni bibi akaongeza. Asubuhi kijiti kikasema kiu ndogo. Masunga akashusha lango.

Jaruba likaanza kupasuka.

"Bwana mtaalamu, hizi nyufa huzioni?" Nyamizi akauliza.

"Maji yako yanavuja ardhini, mama. Kaza kingo."

Akakaza kingo mpaka kucha zikamtoka. Pipa lenyewe hakulisogelea, asije akaambiwa analipunguza maji. Na jioni bibi akaongeza, na asubuhi kijiti kikasema kiu ndogo, na Masunga akashusha lango mpaka chini.

Mpunga ukatoa mapepe. Nyamizi alifikicha suke kiganjani, akapuliza, likaruka lote. Alikasirika hata machozi yakagoma. Bibi Kabula akamshika bega. "Pole, mwanangu. Afadhali huu wa pipa umezaa. Nilikuwa naunywesha kila jioni."

Nyamizi akamtazama mama mkwe wake, asijue amkumbatie au amsukume.

Sheria ya Isangala ilikuwa hivi: aliyeua mpunga wa mwenzake huilisha nyumba ya huyo mwenzake mpaka mavuno mengine. Mkutano ukaitwa.

Bwana Fungameza akasema, "Nilisema lisiguswe."

"Uliwaambia wanaume," Nyamizi akamjibu. "Kuna mwanamume hapa anayebeba ndoo? Na lile jua lote, maji kijitini hayashuki, hukushangaa?"

"Nilishangaa," akasema.

Masunga akasema, "Mimi nilimwona mama akimwaga. Lakini shemeji, nisimame mbele ya watu niseme mama yangu mzazi ameharibu kipimo? Wewe ungeweza?" Kwamba maji yaliyobaki yaliishia kwenye majaruba yake, na ghala lake sasa limejaa, hilo hakuligusa.

Bibi Kabula akasema, "Niliona kiu, nikanywesha. Tangu lini ikawa dhambi?"

Na watu wa juu wakapiga kelele, "Mwenyewe ndiye aliyesema pimeni! Pipa liko shambani kwake, angelilinda!" Nyamizi akafungua mdomo, kisha akakumbuka alichoahidi, akaufunga. Hilo ndilo lililomuuma kuliko njaa.

Jioni ile alisonga ugali wa unga wa kuomba. Watoto wakazunguka sufuria. Bibi Kabula akanyoosha sahani yake, kama kawaida, na Nyamizi akasimama na mwiko mkononi.

Haya, ninyi mnaosikiliza mkiwa mmeshiba, nijibuni. Wala msiniambie wote walikosa, maana mkutano nao ulisema wote, na mpaka leo hakuna aliyeleta hata pishi moja. Je, nani alistahili kuilisha nyumba ile?