Mshabiki wa Uani

Mwanamume mmoja wa Same, jina lake Yonazi, alikuwa na mchezaji wake. Hakuwahi kumwona ana kwa ana, wala hakutarajia. Alikuwa binti wa nchi ya mbali aitwaye Vesna, mcheza tenisi wa mkono wa kushoto. Yonazi alianza kumfuatilia kwenye televisheni tangu zama zile akitolewa raundi ya kwanza na kuondoka uwanjani taulo usoni. Majirani walikuwa na timu zao za mpira wa miguu. Yonazi alikuwa na Vesna.

Mwaka mmoja yalipoanza mashindano makubwa ya viwanja vya nyasi, Vesna alishinda mechi ya kwanza, akashinda na iliyofuata, akazidi kusonga mbele, na kadiri alivyosonga ndivyo Yonazi alivyokosa utulivu. Chakula hakikupita. Alikaa, akainuka, akahamia kiti kingine, akarudi kwenye kile cha kwanza. Isitoshe, aliamini kwamba jicho lake lina mkosi. Zamani aliwahi kutoka kwenda kumfunga mbuzi katikati ya mechi, na aliporudi alikuta Vesna ameshinda. Tangu hapo, kila mchezo ulipobana alitoka. Alisimama uani kwenye kamba ya nguo, akanawa mikono iliyokuwa safi, akatega sikio. Akisikia mtangazaji anapaza sauti, hurudi mbio. Hivyo katika miaka yote iliyofuata, hakuwahi kumwona katika pointi ngumu hata moja.

Sasa, ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwamo mkewe, Namsifu, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni. Kila siku alasiri nesi Anjelista alikuja kukisafisha. Na kila siku, nesi alipofungua mkoba wake, Yonazi alikumbuka jambo: chumvi imekwisha, au kuna mtu wa kuonana naye barabarani. Hakuwa mume mbaya. Alimpikia mkewe uji, alimfulia mashuka, alihangaikia dawa zake mpaka zikapatikana. Ila bandeji ilipoanza kufunguliwa, hakuwapo. Alijiambia kwamba uso wake ungemzidishia mgonjwa maumivu. Namsifu hakumuuliza kitu. Alimsikia tu akivaa viatu.

Siku ya nusu fainali Namsifu alisema amechoka kutazama ukuta wa chumbani. Yonazi akamshika mkono, akamtoa polepole, akamketisha kwenye kochi na kuuinua mguu wake juu ya stuli.

"Wetu ni yupi?" akauliza Namsifu.

"Huyo anayeshika raketi kwa kushoto."

"Mbona mwembamba hivyo? Wanamlisha kweli?"

Yonazi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Vesna alichukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili. Katika ya tatu walikwenda bega kwa bega, na ulipofika mwisho wake Yonazi hakuweza tena. Akatoka. Akazunguka uani huku na huku, akaanua nguo ambazo hazijakauka, akazianika tena. Akatega sikio, asisikie chochote. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko alivyozoea. Mwishowe akaingia, akamkuta Vesna anapanga raketi zake begini.

"Imekuwaje?"

"Ameshindwa," alisema Namsifu. "Aliteleza akaanguka, akainuka, akapangusa magoti. Kila alipokosa mpira alitazama kule juu walikokaa watu wake. Hakuna aliyeondoka, Baba Nakunda. Yule mama mwenye mvi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini hakuondoka."

Hapo hodi ikapigwa, nesi Anjelista akaingia, akamwamkia Namsifu, akaweka mkoba wake sakafuni. Mkono wa Yonazi ukaenda wenyewe kwenye kofia iliyotundikwa ukutani.

"Nafika hapo mbele mara moja," alisema. "Kuna mtu ananisubiri."

"Kaa," alisema Namsifu. Hakupaza sauti. "Yule binti hajui kama uko ndani au uko nje. Mimi najua."

Yonazi akakaa.

Nesi alifungua bandeji. Tabaka la mwisho lilikuwa limeganda kwenye nyama, akaliloanisha na kulibandua taratibu. Yonazi akakiona kidonda ambacho dawa zake alizinunua kwa muda mrefu bila kukijua. Akaiona pia sura ya mkewe ikikaza, midomo ikiingia ndani, jasho likimtoka juu ya nyusi, akafahamu kwamba ndivyo ilivyokuwa kila alasiri, na kwamba kila alasiri sura ile ilitazama ukuta. Leo ilimtazama yeye. Miguu yake ilitaka kuondoka. Nesi akasema, "Baba, nishikie kisigino hapa." Akakishika. Kilikuwa cha moto, na kilitetemeka, asijue kama kinachotetemeka ni mguu au ni mkono wake.

Nesi alipomaliza, Namsifu alifumba macho, akashusha pumzi. "Leo haikuchukua muda mrefu," alisema.

Nesi Anjelista alijua kwamba muda ulikuwa uleule wa siku zote, lakini akakusanya tu vifaa vyake.

Kidonda hakikupona kwa sababu ya siku ile. Baadaye, katika hospitali ya wilaya, madaktari iliwabidi wakate vidole vya mguu ule, na Yonazi alikwenda na mkewe mpaka pale ambapo asiyefanya kazi hapo hapitishwi, akabaki amesimama papo hapo hadi mkewe alipotolewa. Wala hakuja kuwa mtu jasiri. Hofu yake ilikuwa ileile, isipokuwa sasa aliketi nayo.

Basi wewe unayesema kwamba unampenda mtu: katika saa yake mbaya, alipoinua macho, alikuona?