Dawa ya Kikohozi na Magoti ya Bi Umayma

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Basra palikuwa na mja mwema akiitwa Zurara bin Hakam, mchanganya dawa. Alikuwa mtu wa saumu nyingi, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko saumu. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata akila tende huihoji kokwa habari za mti wake.

Siku moja alimjia dukani Bi Umayma, ajuza mcha Mungu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisali kwa kukaa, kwa ugonjwa wa magoti. Hilo la magoti hakulitaja, maana alikwisha kulikatia tamaa. Alitaka dawa ya kikohozi tu, asije akawakera wenzake msikitini. Zurara akamchanganyia, akamkabidhi kwa dua.

Kabla ya mwezi kuandama, bibi akarudi bila mkongojo, na paji lake la uso lina vumbi.

"Mwanangu," akasema huku akilia, "kikohozi ningali nacho, lakini leo nimesujudu! Nani aliyekwambia habari za magoti yangu?"

Wapita njia wakakusanyika. Mmoja akatamka neno karama, na neno hilo halikai kinywani mwa mtu mmoja. Ilipofika adhuhuri, soko zima lilijua kwamba Zurara huona maradhi yaliyofichwa. Watu wakawa wanambusu mkono, naye, tuseme kweli, hakuuondoa upesi kama ilivyompasa.

Dawa ikaisha, akamtengenezea nyingine. Safari hii kikohozi kikapona, na magoti yakavimba upya. Watu hawakumlaumu walii wao. "Bibi ametenda dhambi gani," wakanong'ona, "hata akanyang'anywa baraka?" Maneno hayo yakamfikia Bi Umayma, akaja dukani akijikongoja.

"Nitubie lipi, mwanangu? Nimejipekua, sioni. Ile ya kwanza ilikuwa chungu kama shubiri, nami nikaifurahia. Hii ya sasa ni tamu, wala hainifai kitu. Mola wangu amenifukuza?"

Zurara akashtuka. "Chungu, mama?"

"Chungu ya kutoa machozi."

Dawa yake ya kikohozi haikuwa chungu hata siku moja. Bibi alipoondoka, akaketi kujihoji. Desturi yake ilikuwa kuonja kila dawa kabla haijatoka mkononi mwake, lakini siku ile ya kwanza alikuwa amefunga sunna. Wanazuoni wamemruhusu mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Yeye alitaka saumu isiyo na doa, akaitoa dawa bila kuionja.

Akateremsha mitungi ya rafu, akalamba unga mmoja baada ya mwingine. Kando ya mtungi wa unga wa dawa ya kikohozi palikuwa na mwingine wenye unga wa rangi ile ile, mchungu wa kutisha. Huo ndio waliokuwa wakiununua wachunga ngamia kuwapaka wanyama wenye upele.

"Subhanallah," akasema peke yake. "Upele wa ngamia na magoti ya ajuza vina udugu gani?" Akafurahi kama mtoto. Kisha hofu ikamwingia. Nafsi ikamshauri: mchanganyie kimya kimya, apone, na heshima yako ibaki. Lakini hapo bibi angeishi akiamini kwamba alifukuzwa mlangoni kwa Mola wake, akarudishwa kwa baraka za Zurara. Uongo huo ukamwelemea.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, mimi sina karama, na Bi Umayma hana kosa. Nilikosea mtungi, nikamnywesha mama yetu dawa ya upele wa ngamia. Shifa ameiweka Mwenyezi Mungu. Mimi sikuijua, na hata sasa sijui kwa nini inaponya."

Wengine wakacheka, wengine wakaghadhibika. Waliombusu mkono jana wakafuta midomo. Kutoka safu za wanawake ikasikika sauti ya Bi Umayma, imejaa kilio na furaha: "Kumbe sikufukuzwa!" Kisha akaongeza: "Basi nipe hiyo hiyo ya ngamia."

Zurara akaanza kwa kuinywa mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka akajua kipimo kisichodhuru. Ndipo akampa bibi, naye akasujudu. Wateja wengi hawakurudi tena dukani. Waliokuja ni matabibu wa miji mingine, wakiuliza habari za unga ule, akawaonyesha bila kuficha. Na wazee wa mbali, wasiolijua hata jina lake, wakaacha kusali kwa kukaa.

Tuzingatie, enyi wapenzi wa Mtume. Zurara angekubali uwalii ule, dawa ingezikwa pamoja naye, kwani karama ya mtu hairithiwi wala haifundishwi. Kosa alilolikiri ndilo walilojifunza watu, wakapona.