Jina la Binti wa Sikudhani

Sogeeni karibu. Nitawapa kisa cha wanawake wanne, nanyi mtanipa hukumu.

Wote walishona nguo kwenye baraza moja sokoni. Zamda alikuwa na macho: akikutazama mara moja, anajua kiuno chako. Hidaya alikuwa na ulimi: aliigiza watu mpaka wenyewe wakacheka. Pili alikuwa na makalio mazito, ndivyo walivyomtania, maana akikaa mahali haondoki mpaka apate alichofuata. Wa nne, Sikudhani, alikuwa na adabu. Ukimuuliza hali, hata akiwa na homa, atakujibu nzuri.

Adabu hiyo nusura imuue.

Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Kichwa kilimuuma siku tano, kisha akaanza kuona vimulimuli mchana. Mara mbili alikwenda zahanati. Mara mbili tabibu alimuuliza habari za leo, naye akajibu, "Nzuri, daktari." Tabibu akaandika kwenye kadi kwamba mama hana tatizo, akamwita anayefuata.

Safari ya pili alirudi barazani. Aliwaambia wenzake kwamba dada yake alianza hivyohivyo, akazikwa na mtoto tumboni.

"Naogopa," alisema. "Lakini nikifika pale, mdomo unajibu wenyewe."

Zamda alikuwa ameshaona miguu yake inavimba. Tangu safari ya kwanza alimpima kifundo cha mguu kwa futi ya kushonea: inchi tisa, kumi, kumi na moja. Aliandika vipimo kwenye daftari la wateja, pamoja na siku na saa za maumivu. Sasa akauchana ukurasa ule, akampa.

Hidaya akavaa miwani ya Zamda, akajifanya tabibu.

"Habari za leo, mama?"

"Nzuri."

"Umeshakufa. Tuanze upya."

Sikudhani alikufa mara saba. Mara ya kwanza walicheka. Kufikia ya tatu hakuna aliyecheka. Ya nane alijibu sawasawa.

Pili akamsindikiza, kwa kuwa zahanati iliruhusu mtu mmoja tu kuingia na mgonjwa.

Tabibu akauliza habari za leo. "Nzu—" alianza Sikudhani, akanyamaza. Pili akamminya mkono.

"Si nzuri, daktari," alisema Sikudhani. "Kichwa kinapasuka, naona vimulimuli, na dada yangu alikufa hivi. Naomba unipime presha."

Tabibu akasema ni uchovu wa mimba. Sikudhani akaweka ukurasa mezani. Tabibu akausoma mara mbili, kisha akasema mashine imeharibika, warudi Jumatatu. Akamwita anayefuata.

Pili hakuinuka.

"Andika kwenye kadi kwamba ameomba kupimwa na hakupimwa," alisema. "Kisha utie saini, baba. Mimi nitasubiri."

Tabibu aliinua kalamu, lakini hakuthubutu kuandika. Mashine ikaazimwa wodini. Muuguzi alimpima, akampima tena, akaona presha imepanda mno, akaita gari la wagonjwa. Saa moja baadaye Sikudhani alikuwa chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa. Daktari wa huko alisema ingefika jioni wangewapoteza wote wawili.

Mtoto ni wa kike. Leo ametimiza siku saba, na desturi ya kwao ni kwamba mtoto aliyenusurika hupewa jina la aliyemnusuru. Jina moja, la mtu mmoja.

Zamda anasema bila ukurasa wake tabibu angeshikilia kwamba ni uchovu tu. Hidaya anasema bila yeye wangekuwa wanapika chakula cha matanga. Pili amekaa palepale. Naye bibi wa mtoto amemtazama bintiye Sikudhani, akauliza:

"Na mdomo uliosema ulikuwa wa nani?"

Sikudhani ameinamisha kichwa. Wamemuuliza anajisikiaje, na kwa mara ya kwanza amefikiri kabla ya kujibu.

Wageni wamekaa, mtoto analia, jina halijatajwa. Nawe uliyesikia yote, ungempa la nani?