Kinyundo cha Kuvunjia Lozi

Kuuliza si ujinga. Wahenga walisema hivyo tu wakanyamaza, kwa kudhani kila mtu ana akili ya kujazia yaliyobaki. Hawakumjua Marhoon. Ijumaa ile, katika mji wa Matrah, pembeni mwa Maskati, mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Hata leo ukimtajia tabla hucheka kabla yako, ili usipate raha ya kuanza wewe.

Marhoon alikuwa mpiga dumbak, ile ngoma ya taarabu ya kupakatwa. Kule Unguja alikozaliwa, kwa miaka ishirini hapakuwa na harusi ya maana kuanzia Malindi hadi Vuga ambayo mikono yake haikuipamba. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama rasharasha juu ya bati. Lakini dunia ilimzungusha kama tiara iliyokatika uzi. Mwaka wa 1964 ulimtoa Unguja na begi moja, ukamtupa Mombasa, kisha Dubai, na mwaka wa 1970, Maskati ilipofungua milango yake, akaingia na mama yake, Bi Kheiria, na dada yake mdogo, Masouda. Dumbak yake ilibaki Unguja, imetundikwa ukutani kwa watu.

Masouda alikuwa ameposwa tangu mwaka wa 1963 na kijana aitwaye Bakhit. Siku ya harusi iliwekwa, nguo zikashonwa, kisha watu wakatawanyika kama mchele uliomwagika, bwana harusi huku, bibi harusi kule. Miaka sita baadaye wakakutana Maskati, Bakhit akiwa karani wa serikali na bado hajaoa. Posa ikaletwa upya. Marhoon alipomuuliza dada yake anataka nini siku hiyo, Masouda hakutaja dhahabu wala hariri.

"Nnataka ngoma na nyuzi, kaka, kama ilivyokuwa iwe kule. Miaka sita nimekaa kimya. Siku hiyo moja sitaki kimya."

"Utapata," alisema Marhoon, mkono kifuani. "Wallahi utapata."

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nyuzi hazikumpa tabu. Rafiki yake Harub, mtu wa mizaha, alipiga udi. Na sokoni alikuwako Mzee Vallabhdas, muuza vitambaa, mtu wa Kachi, Bara Hindi, aliyekulia Darajani, Unguja, na kukizungumza Kiswahili kama aliyenyonyeshwa nacho. Nyuma ya majora yake alitundika sitar, chombo chenye tumbo la boga na shingo ndefu. Nyuzi zake za juu hupigwa kwa ncha ya waya iliyovishwa kidoleni. Chini yake zimo nyingine nyembamba ambazo hazipigwi, ila sauti inayolingana nazo ikilia karibu, huitika zenyewe.

Kilichokosekana ni ngoma, na ngoma alikuwa nayo Mzee Vallabhdas: tabla mbili za marehemu ndugu yake, ndogo ya mti iliayo kama kengele, na kubwa ya shaba ya kuguna. Kila moja ilikuwa na duara jeusi usoni, mfano wa mboni ya jicho.

"Unaijua tabla, Bwana Marhoon?" aliuliza mzee.

"Mzee, ngoma ni ngoma! Dumbak ndiye mama, tabla ndiye mwana."

"Mwana hafanani na mamaye kwa kila kitu. Likikutatiza neno, niulize. Toka kwenu mpaka hapa dukani ni hatua mia."

Akamkabidhi na kinyundo kidogo cha shaba, kimoja katika viwili vyake, kimeviringwa kitambaani. Marhoon alifungua kinywa kuuliza kazi yake. Akamwona Harub, aliyefuatana naye, anamtazama, akakifunga. Sifa ya miaka ishirini ni mzigo mzito, hauruhusu mtu kuinama. Kinyundo kikaishia jikoni kwa Bi Kheiria, na Marhoon akakiona kinavunja lozi vizuri sana.

Kwa wiki mbili walifanya mazoezi nyuma ya duka. Udi wa Harub ulileta nyimbo za Unguja, sitar ikazipokea na kuzivisha nguo za Kachi. Mzee akawafundisha mchezo wa kwao wa swali na jawabu: sitar hutupa fungu la sauti, na ngoma hulijibu kwa mapigo yale yale, kwanza polepole, kisha mbio. Marhoon alijibu kila swali bila ya kutokwa na jasho. Alikuwa fundi kweli, hilo asinyimwe. Jambo moja tu hakuligundua. Kila alipofika aliikuta tabla imeshatengenezwa sauti, kama mtu anayekuta chai mezani asijue kuni zilitoka wapi.

Alhamisi jioni akaipeleka tabla nyumbani kwake, kwani harusi ilikuwa kesho yake, baada ya alasiri. Ijumaa ikaamka na mawingu na unyevu wa bahari. Marhoon akaigonga tabla ndogo. Badala ya "tin" ikasema "du", kama mlango wa choo.

"Imelala," alisema.

"Basi si ukamuulize mwenyewe?" Bi Kheiria alimjibu, huku anachagua mchele. "Hatua mia tu, miguu unayo."

"Mama! Mimi, Marhoon, niende kuulizia ngoma? Watu watasemaje?"

"Watu wana pilau la kufikiria leo, hawana haja na wewe."

"Ngoma ikilegea hupashwa moto. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua."

Na kweli, dumbak ndivyo ifanywavyo. Marhoon akawasha seredani, akaisogeza tabla karibu na makaa. Baada ya muda akaigonga. Tin! Alicheka peke yake kama aliyefukua hazina. Lakini sikio la sifa halishibi, likamwambia: bado kidogo. Akaiacha pale pale, akaenda kuvaa kanzu aende kuswali Ijumaa.

Aliporudi kutoka msikitini alipokewa na harufu ya ngozi. Jicho jeusi la tabla lilikuwa limepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka, na nusu yake imebanduka na kulala majivuni. Akagonga. Tabla haikusema "tin" wala "du". Ilikohoa.

Marhoon akaketi chini. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, akamwona Masouda na mikono yake iliyopakwa hina, ameinyoosha mbele ili isiguse kitu, huku anajivumia wimbo wa harusi. Saa mbili zilibaki. Moyo ulimdunda vizuri kuliko ngoma.

Mtu mwingine angezihesabu zile hatua mia. Marhoon alihesabu masahani ya halwa yaliyopangwa kwa ajili ya wageni. Halwa ya Oman ni nyeusi, inang'aa, inanata kuliko gundi. Akachota donge, akalichanganya na masizi ya seredani, akaliziba lile pengo na kulilainisha kwa mgongo wa kijiko. Likapendeza! Ukilitazama kwa mbali, ungeapa limetoka kwa fundi. Akagonga kwa matumaini. Pwa! Mlio wa mguu ndani ya matope. Kisha wakaja nzi. Nzi wa Matrah walipelekeana habari kwa dakika moja, na Marhoon akashika kipepeo cha ukili, akawa anaipepea tabla kama mgonjwa.

Hivyo ndivyo alivyokutwa na Mzee Vallabhdas, aliyeingia na sitar yake imefungwa shuka, na Harub nyuma yake.

Mzee aliinama, akanusa. Akagusa lile jicho jeusi kwa kidole, akakipeleka ulimini.

"Hii ina zafarani," alisema.

Harub alicheka mpaka akashika ukuta. "Yakhe Marhoon! Tabla za mti nimeziona, za shaba nimeziona. Ya kuliwa na kahawa, wallahi ndiyo mwanzo leo!"

Lakini mzee hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya tabla kama anayepima homa ya mtoto. "Ndugu yangu aliipiga hii miaka kumi na minane," alisema taratibu, na Marhoon akatamani ardhi impasukie. "Kile kinyundo nilichokupa, unakifanyia kazi gani?"

Jibu likatoka jikoni.

"Anavunjia lozi!" alipaza Bi Kheiria.

"Bwana Marhoon," alisema mzee, "jicho hili ni wali na unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka, limesuguliwa kwa jiwe. Moto ni adui yake. Ikilegea unaigonga ukingoni kwa kinyundo, kidogo kidogo, nayo inapanda yenyewe. Dawa ilikuwa mkononi mwako, wewe ukaenda kutafuta maradhi."

Marhoon alitazama mlango wa chumba cha ndani. Masouda alikuwa bado anavumia. Basi ile sifa ya miaka ishirini akaivua kama kilemba, akaiweka chini.

"Mzee, mimi sijui. Nilisema naijua tabla, siijui. Niwie radhi. Nifanyeje sasa? Yule mtoto amengoja miaka sita."

"Hilo ndilo swali lako la kwanza tangu nikujue," alisema mzee. "Na swali la kweli halikosi jawabu." Akageuza macho uani, kwenye mitungi minne ya udongo, kazi ya wafinyanzi wa mji wa Bahla, iliyojazwa maji ya wageni. "Kwetu Kachi, wachunga ngamia hawana tabla. Hupiga mtungi."

"Mtungi?" aliuliza Marhoon. "Unapigwaje? Kwa kiganja au kwa vidole?"

"Mdomoni kwa kiganja, ndipo unapoguna. Tumboni kwa vidole, ndipo unapolia."

"Na nitajuaje upi unapatana na sitar?"

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akailaza sitar karibu na mitungi, akamwambia agonge mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ukalia, sitar ikanyamaza. Wa pili vivyo hivyo. Marhoon alipogonga wa tatu, zile nyuzi nyembamba za chini, zisizopigwa na mtu, zikaanza kuvuma zenyewe, kwa mbali, kama nyuki ndani ya mzinga. Hata Harub alikosa mzaha.

"Huo," alisema mzee. "Umeitwa, umeitika."

Kuanzia hapo Marhoon aliuliza kama mtoto wa siku ya kwanza chuoni. Maji yabaki kiasi gani? Akiyapunguza kikombe kimoja, sauti itapanda au itashuka? Pete avue? "Vua, utautoboa!" Kila swali likampa jawabu, na kila jawabu likaenda moja kwa moja vidoleni, kwani vidole vilikuwa vimeshajua kazi, vilikuwa vikingoja tu kuambiwa mahali.

Baada ya alasiri wanawake walijaa uani. Wapigaji waliketi ukumbini nyuma ya pazia, na upande wa pili alikaa Masouda, asiyejua lolote. Udi ukafungua, sitar ikafuata, kisha mtungi ukaingia, mzito chini, mkali juu, na ndani yake maji yakipitisha mtetemo ambao hakuna ngozi iwezayo kuutoa. Vigelegele vikapaa.

Wakafika kwenye swali na jawabu. Sitar ikauliza, mtungi ukajibu. Ikauliza mbio, mtungi ukajibu mbio. Ndipo mzee, kwa utundu wake, akatupa fungu ambalo hawakulifanyia mazoezi, limepinda kama uchochoro wa sokoni. Marhoon wa asubuhi angebabaisha. Marhoon wa alasiri aliinua nyusi, akagonga mara tatu polepole, kama asemaye: umesemaje, mzee? Vallabhdas akacheka kwa sauti, akalirudia fungu lile. Marhoon akalisikiliza hadi mwisho, kisha akalijibu lote, pigo kwa pigo, na mwishoni akaongeza kachumbari ya Unguja. Ua ukalipuka. Bi Kheiria mwenyewe alionekana anacheza, bakuli la lozi mkononi.

Walipomaliza, sauti ya Masouda ilitoka nyuma ya pazia, imelowa machozi na kicheko.

"Kaka Marhoon! Tabla gani hiyo? Maishani mwangu sijasikia tabla tamu kama hiyo!"

Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko halwa, na mwanadamu ni mwepesi wa kusahau. Watu walipoketi kunywa kahawa, mzee alimwambia ngozi mpya ataiagiza Bombay, na Marhoon ataivika mwenyewe, kisha atajifunza kuitengeneza sauti kila siku baada ya alasiri, kinyundo mkononi. Marhoon alikubali. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuumuka.

"Ila tuseme kweli," alisema, huku anajipepea. "Bila ya ule moto wangu tusingaliupata huu mtungi. Kheri imetoka mle mle."

"Kheri imetoka ulipofungua kinywa," alisema Harub. "Ungekifungua asubuhi, tungekuwa na tabla na mtungi."

"Rahisi kusema! Hebu fikirini. Mimi, mpiga ngoma wa miaka ishirini, nimetoka nyumbani kwangu mchana kweupe, nimesimama mbele ya duka la watu, nauliza tabla inafanywaje. Wangeniitaje? Si wangeniita mjinga?"

Harub akafikiri. Mzee Vallabhdas akatazama kikombe chake. Hata waliokaa mlangoni wakaona kwamba hapo, kidogo, mtu ana hoja. Bi Kheiria alikuwa anapita na sahani ya halwa, ile iliyochotwa kona. Akasimama.

"Na uliposhika kipepeo ukawapepea nzi juu ya tabla, walikuitaje, sheikh? Kuuliza si ujinga, mwanangu."