Maji Aliyoyatia Mkwe

Kaeni vizuri. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo na mimi siumi mtu. Somo la Biblia la leo mmelisikia likisomwa, na limesomwa vizuri, kwa hiyo sitalirudia. Nitawapa mfano. Ni wa mama mmoja wa huku huku mlimani kwetu, na nawaomba msianze kugeuka kumtafuta, maana hayumo humu ndani. Mama Ndeshi, nakuona shingo imeshaanza kuzunguka. Tulia. Huyu mama nimemtunga mwenyewe juzi nikipalilia kahawa, na mgongo bado unaniuma.

Mama huyu alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam. Kijana akapata mchumba, binti wa kusini, mtu wa Lindi, wakafunga ndoa. Krismasi ikafika. Sasa Krismasi kwetu mnaijua wenyewe, hata aliyeko mbali vipi atapanda nyumbani, na bibi harusi mpya anatazamwa kuliko ng'ombe wa maonyesho. Mashangazi walishakaa barazani wanamsubiri. Je, anajua kumenya ndizi mbichi? Machalari yake, zile ndizi za kupika na nyama, yatalika kweli? Na yule binti maskini, ndizi alizozizoea ni zile unazomenya na kuweka mdomoni.

Yeye lakini alikuja na haja moja tu. Mama yake mzazi alifariki yeye binti akiwa mdogo, akalelewa nyumba hii miaka miwili, nyumba ile mitatu, kila mahali akiwa mtoto wa watu. Alipoolewa alijiambia moyoni kwamba sasa nimepata mama. Akataka kitu kimoja, yule mama ampende. Mashangazi wangesema watakavyosema, hilo angelivumilia.

Kwa hiyo alikuja na zawadi. Kimashine cha kahawa, kidogo, unakikumbatia kwa mkono mmoja. Nyuma kina tangi la maji, juu unatia kijiko cha kahawa ya unga, unabonyeza, kinanguruma kidogo, kinakutolea kikombe kimoja. Kimoja tu, cha mtu mmoja. Mashangazi wakaguna. Na hapa niwaambie ukweli, jamani, maana hakuna mgeni anayetusikia. Sisi tunalima kahawa tangu enzi za babu zetu, tunaipalilia, tunaichuma, tunaianika, tunaipeleka chama cha msingi kuuza, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai. Msicheke, nyie nyote hapa asubuhi mmekunywa chai.

Lakini yule mama alikunywa kahawa. Kila asubuhi ya sikukuu zile, mkwe aliamka kabla ya wote, akamtengenezea kikombe, akampelekea pale kwenye kigoda chake jikoni, na wao wawili wakakaa kimya wakiota moto. Mama hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anakunywa, anatikisa kichwa, anarudisha kikombe. Basi.

Asubuhi ya kuondoka, gari linapakiwa mikungu ya ndizi, mkwe akaenda bombani, akajaza lile tangi, akatia na kahawa kabisa. Akamwambia mama, "Nimeshakutilia maji. Kesho ukiamka bonyeza tu, unywe kama vile nipo. Na siku ukitaka kukiweka, mama, maji yanayobaki uyamwage yote. Kigeuze kabisa kichwa chini, yasibaki tumboni."

Mama akasema sawa mwanangu. Wakaondoka.

Kesho yake mama akaamka, akasimama mbele ya kile kimashine. Akanyoosha kidole. Akakirudisha. Akawaza kwamba akibonyeza, atakunywa, na akishakunywa ndiyo imekwisha, maji aliyotia mkwe wake kwa mkono wake yatakuwa yamekwisha. Akashindwa. Akakipangusa vizuri, akakibeba pamoja na maji yake tumboni, akaenda kukiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, na juu yake akatandika kitambaa cha kufuma.

Mnalijua hilo kabati. Kila nyumba ya mama hapa ina hilo kabati. Ndimo zinamokaa sahani za harusi ambazo hata baba mwenye nyumba hajawahi kuzilia. Kitu kikiingia mle ndani ujue kimepewa heshima ambayo watoto wa nyumba ile hawajaipata.

Haikupita wiki, mkwe akapiga simu. Akasalimia, akauliza za ng'ombe, akauliza za mvua, halafu akauliza lile lililomfanya apige.

"Mama, ile kahawa ulikunywa?"

"Kile kimashine nimekitunza, mwanangu. Hakuna mtu aliyekigusa."

Sasa nisikilizeni hapo. Katika moyo wa yule mama, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Nimekitunza, hakuna aliyekigusa! Lakini weka sikio lako upande wa pili wa simu. Yule binti alisikia kwamba zawadi yake imewekwa kando. Kwamba alipotoa mguu tu, kikatolewa machoni pa watu. Akasema haya mama, siku njema, akakata simu, akakaa chini jikoni kwake akalia. Hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Mtu aliyelelewa nyumba za watu hajui kuuliza mara mbili.

Simu zikaanza kuwa fupi. Mama akaona mtoto ana kazi nyingi, asimsumbue. Mkwe akaona mama hana hamu naye, asijipendekeze. Na huku nyumbani, kila Jumapili akitoka ibadani, yule mama anafungua kabati, anainua kitambaa, anapangusa vumbi ambalo halipo. Tena anakisemesha kile kimashine. Anakiambia mwanangu Mungu akutunze, mwanangu umenipa raha ambayo sikuitegemea uzeeni. Maneno matamu, maneno ambayo yule binti angeyasikia angeacha kazi yake akapanda basi siku hiyo hiyo. Yakaambiwa kimashine.

Mwaka ukazunguka. Krismasi ikakaribia, na mkwe akamwambia mumewe kwamba safari hii aende peke yake, aseme mkewe anaumwa. Mume akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba mama yako hanitaki, mimi nimeshaelewa. Mume naye, nyie wanaume mnajijua, akasema unawaza sana, kisha akaendelea kutazama mpira. Mwisho binti alikubali kwenda, lakini moyoni alishajiwekea kwamba hii ni mara ya mwisho. Angekwenda kwa heshima, angerudi kwa heshima, na neno mama angemwachia mwenye mama yake.

Wakafika. Mashangazi wako barazani pale pale, kama vile hawakuondoka tangu mwaka jana. Salamu, vicheko, mizigo ikaingizwa ndani. Na mama mwenye nyumba hakukaa hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa kile kimashine kama mtu anayebeba mtoto wa ubatizo, akakiweka mezani mbele ya watu wote, akachomeka umeme. Akatoa kikombe cha harusi, kile cha kabatini. Akasema leo anayetengenezewa ni mkwe wangu, akabonyeza.

Kimashine kikakoroma. Kikakohoa. Kikatema nusu kikombe cha kitu ambacho sijui nikiiteje hapa madhabahuni, kikanyamaza. Harufu ikatembea mpaka kwa mashangazi, nao wakaanza kutazamana. Shangazi mmoja akaziba pua kwa ncha ya kitenge.

Mkwe akakishika kikombe. Akanusa. Akainua kifuniko cha tangi, akachungulia ndani, akaona utelezi wa kijani umejishikiza pembeni na maji yamelala chini hayana rangi ya maji. Akawaza kwamba hata kumwaga, kitu nilichomwomba kwa mdomo wangu, hakujali. Ndiyo akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mama, haya maji ni ya lini?"

"Ni yale yako," mama akasema. "Uliyonitilia asubuhi ile. Ulisema niyamwage, nikashindwa, mwanangu. Ningeyamwagaje, na ni wewe uliyeyatia?"

Yule binti akamtazama mama, akakitazama kitambaa cha kufuma, akalitazama kabati wazi na ile nafasi tupu katikati ya sahani za harusi. Ndipo akaelewa mwaka mzima alikuwa amewekwa wapi.

Unadhani alicheka? Alilia, tena alilia kwa sauti mbele ya mashangazi. Kisha akakibeba kile kimashine, akatoka nacho nje mpaka kwenye migomba. Mama akamfuata nyuma mbio mbio, mkono ameunyoosha, anataka kumzuia mpaka dakika ile ya mwisho. Binti akakigeuza kichwa chini. Yakatoka yote, na utelezi wake na harufu yake, yakanywewa na udongo.

Akageuka akasema, "Mama, mimi mwenyewe nimekuja. Hayo ya mwaka jana ya nini tena?"

Wakakumbatiana pale kwenye tope. Sasa nawaona mnatabasamu, mnasubiri niwaambie kimashine kilioshwa kikapona. Hakikupona. Walikisugua, wakakianika juani, wakakipeleka kwa fundi mjini, fundi akakifungua na kukifunga, akasema tumboni kumeoza. Kahawa ya Krismasi ile walichemsha kwenye sufuria, wakanywa wote, na mashangazi wakaomba waongezewe. Lakini kimashine kilikwisha, na ule mwaka mmoja wa kununiana bila ugomvi haukurudi, na wale wawili hawatapewa mwingine badala yake.

Basi, wapendwa wangu. Yule mama alikuwa na kosa gani? Hakuwa na chuki. Hakuwa mchoyo. Maji yenyewe yalikuwa masafi siku yalipotiwa, yametoka bombani, yametiwa kwa mkono wa upendo na yametunzwa kwa moyo wa upendo. Yalioza kwa sababu yalituama. Na sisi tukihubiriwa tunafikiri siku zote kwamba tunaambiwa tumwage uchafu. Mwaga wivu, mwaga kinyongo, na ni kweli, vimwage. Lakini leo nasema na wewe ambaye ndani yako mna kitu kizuri kabisa, umekifungia, unakiinulia kitambaa kila Jumapili, unakipangusa, na mwenye kustahili kukinywa hajaonja hata tone.

Tunawapenda watu, sisi. Najua tunawapenda, nawatembelea majumbani kwenu, nasikia. Baba ananiambia, Mchungaji, huyu binti yangu ndiye nguzo ya nyumba hii. Namuuliza, umemwambia? Ananiangalia kama nimemwuliza swali la kitoto. Mke ananiambia mume wangu amenivumilia mengi. Umemshukuru? Anajua tu, Mchungaji. Anajua! Nani kakuambia anajua? Yule binti wa Lindi alijua?

Na tunamfanyia hata Mungu hivyo hivyo. Alitutendea jambo kubwa mwaka ule tulipougua, tukalia, tukashukuru, tukaliweka kabatini. Hadi leo tukisimama kushuhudia tunatoa lile lile, wakati Yeye yupo, amekuja mwenyewe asubuhi ya leo, anatutazama, anashangaa kwa nini hatumwombi mapya.

Mimi kazi yangu inanipeleka makaburini sana. Nasimama pale, wasifu wa marehemu unasomwa, na huwa nasikiliza. Jamani, tunajua kusema! Alikuwa mpole, alikuwa mkarimu, alitusomesha, alituombea, hatutampata mwingine kama yeye. Maneno mazuri mpaka watu wanaanguka kwa kilio. Mimi natazama jeneza, nawaza, haya yote mlikuwa mmeyaweka wapi? Na yeye je, kuna hata moja alilolisikia?

Nawaona wengine mmeinamisha macho. Inueni. Geuka umtazame aliyekaa pembeni yako, na kama unayempenda hayupo humu, basi yupo nyumbani anachochea moto, au yuko mjini anasubiri simu yako. Huyo bado ana masikio. Nendeni mkamwambie leo.